Alarm ya kila alasiri Kilwa: nilibadilisha kadi za joto za turbine, nusura nimpoteze mke

Wakuu, amani iwe nanyi, na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata kugonga like nawasalimu pia.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nimeamua uende ulivyo.

Siyo chai. Ni kitu kilichonikuta mimi mwenyewe, na mhusika mwenzangu amenipa ruhusa kwa sharti kwamba nisiweke jina lake halisi. Nitamwita Zuhura. Mtoto wetu nitamwita Salma.

Kituo nacho sikitaji. Jueni tu ni kituo cha kufua umeme kwa gesi, upande wa Kilwa, ukitokea Nangurukuru unachukua bodaboda na unafika kabla hujachoka. Waliojua wamejua, naomba wabaki nalo.

Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi wa instrument. Kazi yangu ni vile vifaa vinavyoiambia mashine joto lake, presha yake, mtikisiko wake. Mashine ikiharibika Mtwara niko Mtwara, ikiharibika bara niko bara. Sisi ni watu wa begi.

Zuhura alikuwa anasema ameolewa na begi, maana begi ndilo analoliona likitoka na kuingia. Mwanzoni alikuwa anasema kwa utani. Baadaye akawa anasema bila kucheka.

Mama yake akaugua huko kwao Kilwa Kivinje, akaenda kumuuguza. Mama akapona, alhamdulillahi. Zuhura hakurudi Dar.

Hakukuwa na ugomvi, wakuu. Ningepata hata ugomvi ningejua pa kushika. Nikipiga simu hapokei. Nikipiga ya mama mkwe napokelewa vizuri kabisa: "Yupo mwanangu, mzima, yuko uani anafua." Nguo gani hizo zinafuliwa miezi na miezi jamani.

Salma yuko shule ya bweni, kwa hiyo pale nyumbani Mbagala nilibaki mimi na sufuria zangu. Nilikuwa narudi safari, naweka begi chini, nasikiliza. Hakuna anayeniuliza umekula nini. Nilijua nina mke, lakini nilikuwa naishi kama mtu aliyepanga chumba.

Halafu siku moja mama mkwe mwenyewe akanipigia. Akasema kwa upole, "Baba Salma, baba yake mdogo Zuhura anasema Ramadhani hii inayokuja ikiisha bila nyie wawili kukaa mkazungumza, baada ya Idi ataitisha kikao. Mimi sipendi kikao."

Kikao cha wazee baada ya mke kukaa kwao muda wote ule, kila mtu wa Pwani anajua kinaishia wapi.

Sasa wiki hiyo hiyo ikatangazwa kazi ya Kilwa. Wenzangu hawaitaki, wanasema joto, wanasema mfungo unakaribia, nani akafungie site. Mimi nilinyoosha mkono kabla bosi hajamaliza sentensi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nitaeleza kwa Kiswahili chepesi, wataalamu mnivumilie.

Turbine ya gesi ina moto ndani. Kule moshi unakotokea kumezungushiwa vipimo vya joto, vinaitwa thermocouple. Ni waya mbili za madini tofauti zimeshikanishwa ncha. Ncha ikipata moto, inatoa umeme kiduchu sana, unasafiri kwenye waya mpaka chumba cha paneli, unaingia kwenye kadi. Kadi inasoma ule umeme na kusema, huku joto ni kiasi fulani.

Kadi za kituo kile zilikuwa za zamani. Aliyezitengeneza alishaacha, spea hazipo, na zile za mtumba ukinunua hujui zimetoka kwenye mashine gani iliyokufa. Moja ikizimika, mashine inapofuka upande mmoja. Kwa hiyo zote zitoke, ziingie za kisasa.

Kuna kitu kimoja naomba mkishike, maana ndiyo uzi wenyewe.

Ule umeme wa thermocouple hausemi joto la moto peke yake. Unasema tofauti kati ya joto la kule kwenye moto na joto la huku waya unapoishia, pale kwenye terminal, yaani pale waya zinapofungwa kwa skrubu. Kwa hiyo pale kwenye terminal kuna kipimo kingine kidogo kinachoiambia kadi, hapa tulipo joto ni hili. Kadi inajumlisha ndipo inapata jibu.

Yaani kadi isipojua joto la hapo ilipo, haiwezi kujua joto la mbali. Nimefundisha vijana jambo hili miaka mingi na sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo.

Basi, mashine ikazimwa, tukafungua paneli. Kadi za zamani zilikuwa juu pamoja na terminal zake. Za kisasa ni ndogo, na waya zinaingilia chini, kwa hiyo terminal mpya tukazifunga chini kabisa, kwenye nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya kimlango kidogo. Ubaridi wa AC ulikuwa unapuliza moja kwa moja pale. Nikaona safi, mahali pazuri.

Wakati nasafisha ile nafasi nilikuta kokwa za tende na kifuniko cha chupa. Nikacheka, nikafagia, nikasema panya wa huku wanakula vizuri.

Wakuu, ningejiuliza swali moja tu hapo.

Tukamaliza kuzifunga kadi mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Nikiwa nimefika tu Kilwa nilishamtumia Zuhura ujumbe mfupi: "Niko karibu na kwenu, kazi ya kadi, nitakuwepo Ramadhani nzima." Tiki zikawa za buluu. Kimya.

Mama mkwe akanipigia, "Njoo ufuturu kwetu, mtazungumza." Nikamwambia nakuja, mama.

Sasa sikilizeni. Makubaliano ya kazi yalikuwa mashine iwashwe, iende siku kadhaa mfululizo bila alarm yoyote ya joto, ndipo injinia wa kituo asaini. Injinia alikuwa dada mmoja wa Masasi, nimwite Neema. Mkristo, lakini mchana alikuwa anajificha kula kwa kutuheshimu, mpaka tukawa tunamwonea huruma. Kwenye kazi hana masihara. Alisema, "Kaka, alarm ikilia na wewe haupo, siku zinaanza kuhesabiwa upya."

Mashine ikawashwa asubuhi. Vipimo vyote vimekaa mstari mmoja, unapendeza. Adhuhuri safi. Alasiri safi. Nikaoga, nikavaa kanzu, natafuta bodaboda ya kwenda Kivinje.

Kwenye saa kumi na moja, alarm.

Vipimo vitatu vya mwisho vimepanda juu ya wenzao. Kwa mashine hiyo ina maana upande mmoja wa moto una joto kuliko mwingine, na ikizidi inajizima kujilinda. Nikavua kanzu, nikavaa ovaroli, nikakimbilia nje kwenye turbine kukagua waya. Nimefunga, jasho linanitoka, adhana inasikika kwa mbali, mimi nimelala chini ya bomba na tochi mdomoni.

Niliporudi ndani watu wa shift wameshafuturu. Vipimo vimerudi mahali pake vyenyewe.

Nikamtumia mama mkwe ujumbe, samahani mama, kesho.

Kesho yake, hivyo hivyo. Mchana mzima mashine imetulia kama haijui kitu, ikifika saa kumi na moja vile vitatu vinapanda, magharibi ikipita vinashuka.

Tulisema ni jua. Kiboksi cha kuunganishia waya kule nje kinaelekea magharibi, jua la alasiri linakipiga. Nikakifungia bati la kivuli. Wapi. Tukasema ni umeme wa jioni, watu wanawasha taa. Tukapima, wapi. Nikabadilisha kadi kwa kadi. Vipimo vile vile vitatu.

Asubuhi nikifungua kile kimlango cha chini nakuta pako sawa. Siku moja nilikuta unyevu kidogo, nikamwita fundi wa AC, akasema AC inatoa maji, akaitengeneza AC ambayo haikuwa na tatizo.

Na kila siku naahirisha Kivinje, maana alarm ikishalia najikuta napima waya mpaka usiku. Ujumbe wangu kwa mama mkwe ukawa kama wa kunakili. Mwishoni akawa ananijibu "haya" tu. Mnajua "haya" ya mama wa Pwani ilivyo nzito.

Nilimkumbuka Zuhura vibaya sana siku zile, wakuu. Umbali wa kutoka pale hadi kwao ni mdogo kuliko ule ninaosafiri Dar kwenda kazini. Nilikuwa nausikia upepo unaotoka upande wao. Nikiwa Mbagala nilizoea kumkosa, lakini pale Kilwa nilimkosa upya, kama amenihama jana yake.

Siku moja nilirudi ndani mapema kidogo, wenzangu wakanisogezea kikombe cha juisi ya ukwaju iliyobaki. Imeshapoteza ubaridi. Nikanywa. Ina iliki na tangawizi, utamu wake wa mbali, kama anavyoitengeneza yeye. Nikajiambia, fundi, sasa unaanza kuchanganyikiwa, ukwaju wa Kilwa nzima si ndio huu huu.

Sikuuliza imetoka wapi. Kwenye futari ya pamoja huulizi nani kaleta nini. Kila mtu anaweka chake katikati, mkono unaenda unapoenda.

Kitu kingine. Jamaa wa shift walikuwa wananiambia kila jioni, "Ahsante fundi, Mungu akuzidishie." Nami najibu amin, nikidhani wanashukuru ninavyojituma na mashine yao. Nikawa natembea kifua mbele.

Ikafika siku moja, mfungo umeshaingia kumi la mwisho. Saa kumi na moja, kimya. Na nusu, kimya. Mistari imenyooka kwenye skrini. Watu wa shift wakaanza kupongezana. Mmoja akaniambia, "Fundi umeiweza."

Mimi sikuwa nimeiweza. Siku hiyo sikugusa kitu. Nikatoka kwenda getini kupunga upepo, kichwa kinazunguka.

Mlinzi wa getini ni Mzee Mbwana, mtu wa Kivinje, yupo pale tangu kituo kinajengwa. Tukawa tunasubiri adhana. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Leo ile alarm haijalia."

"Marahaba. Alhamdulillahi," akasema. "Leo na mzigo wako nao haukuja. Nikasema labda unakwenda kufuturu huko huko kwako."

"Mzigo gani, mzee?"

Akanitazama. "Si juisi yako. Kila siku bodaboda analeta, chupa imeganda barafu tupu, anasema ya fundi wa Dar, iwekwe baridi. Mimi naipeleka mwenyewe nikienda kuswali alasiri."

"Unaipeleka wapi?"

"Mahali pake. Chini pale kwenye paneli. Sisi Ramadhani zote ndipo tunapoweka vinywaji, friji ya kantini mchana inazimwa. Mwaka huu mmetubania, pamejaa waya, wenzio wakahamia kwenye deli langu hapa. Lakini yako chupa moja, inaingia, naiegemeza vizuri tu."

Nikakaa kwenye benchi lake.

Chupa ya barafu imeegemezwa kwenye terminal. Waya tatu za mwisho zinapoa, wakati kile kipimo kidogo kiko ncha ya pili, bado kinaiambia kadi hapa joto ni lile lile. Kadi inajumlisha joto ambalo pale halipo. Vile vitatu vinapanda. Adhana ikiita watu wanatoa chupa, wanafuturu, terminal zinarudi joto lake, na mimi niko nje chini ya bomba.

"Na nani alikuwa anainywa, mzee?"

"Si wewe na wenzio. Wanasema fundi ana moyo, kila siku analeta juisi na mwenyewe hakai kunywa."

Nikamuuliza nani anatuma, ingawa nilishajua. Mzee Mbwana akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na rundo la vitambaa vimefuliwa na kukunjwa. "Zinakuja zimefungwa na hivi. Nguo ya mtu haitupwi. Nilikuwa nakungoja uvikumbuke."

Wakuu, kilikuwa kikoi changu. Cha zamani, cha buluu, cha kulalia, niliusahau hata uwepo wake. Kimechanwa kipande kipande, kila kipande cha kutosha kufunga chupa moja. Nikavipanga pale pale juu ya benchi. Kilitimia. Hakuna kilichobaki.

Mnaelewa? Nilijua ananikumbuka siku ile ile aliyoacha.

Skrini kule ndani ilikuwa imenyooka kama nilivyokuwa naomba tangu mwanzo wa mwezi, na mimi nilitamani alarm ilie. Nilitamani ilie hata kwa sekunde.

Adhana ikaita. Mzee Mbwana akanipa tende. Nikaenda kwa Neema nikamweleza yote, na chupa, na waya, mpaka na kikoi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, pole. Lakini mimi siwezi kusaini kitu kilichopona chenyewe. Kesho tuweke chupa pale pale, tuone inapanda. Barafu nitaagiza mimi Nangurukuru." Halafu akaongeza, "Leo nenda. Alarm ikilia nitaishughulikia mimi."

Sikuvaa kanzu. Nilikwenda na ovaroli.

Mama mkwe alifungua mlango. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Umefuturu?" Nikasema tende moja tu, mama. Akaenda jikoni.

Zuhura akatokea uani. Amepungua kidogo.

Akatazama vitambaa mkononi mwangu. "Umekuja kurudisha nguo?"

"Nimekuja kukwambia sikuvipata."

"Vimo mkononi mwako, baba Salma."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, naanza na kadi, narudi kwenye chupa, naenda kwenye terminal. Mama mkwe amesimama na sahani ya mihogo ya nazi, akauliza, "Sasa mashine kubwa vile inaogopa ukwaju?"

Zuhura akainamisha kichwa. Mabega yakawa yanatikisika, sikujua ni kicheko au kilio. Alipoinua uso nikaona ni vyote viwili.

"Ulituma ujumbe," akasema. "Mimi ujumbe wako nilikuwa naujibu kila siku. Sikuwa na maneno, nikajibu kwa nilichonacho. Wewe huji, hupigi kusema hata imefika. Nikasema, kikoi kikiisha naye hajaja, basi na mimi nimeisha."

"Na kimeisha."

"Jana."

Nikamwambia ukweli wote, maana sikutaka ausikie kwingine. Nikamwambia kesho injinia anataka chupa ya barafu ili asaini kazi. "Lakini hiyo ya kazi atainunua. Ya kwako naiomba mimi."

Akasema, "Kula, kinapoa."

Nikala. Nikaondoka nikiwa sijui kitu. Vitambaa nilivyokuja navyo alivichukua, akaingia navyo ndani.

Kesho yake nilishinda mbele ya skrini. Neema alikuja na chupa yake ya maji yaliyoganda, ameiweka kwenye kindoo mezani. Ilipofika saa kumi akataka tuanze. Nikamwomba asubiri kidogo. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa anaijua sababu, akajifanya anasoma simu.

Control room haina dirisha la kutazama getini. Kelele ya mashine inameza kila kitu, huwezi kusikia bodaboda. Nilikaa tu.

Saa kumi na moja ikapita. Mistari imenyooka.

Neema akatazama saa, akasogeza kindoo. "Kaka, barafu yangu nayo inayeyuka."

Nikasema sawa, tuweke. Nikajikongoja kusimama. Mkono uko kwenye kiti.

Neema akasema, "Subiri. Mbona vinapanda?"

Vile vitatu. Taratibu, kimoja kikitangulia, viwili vikifuata, vinajitenga na wenzao.

"Chupa yangu mimi ninayo hapa," akasema, ameishika kabisa mkononi.

Alarm ikalia.

Kwa mara ya kwanza sikukimbilia nje. Nilizunguka nyuma ya paneli, nikapiga magoti, nikafungua kile kimlango. Mzee Mbwana alishapita na swala yake ya alasiri iliyochelewa, amefanya kama siku zote, ameegemeza vizuri tu.

Chupa imefungwa kwa kipande cha kanga. Nyekundu, pindo jeusi. Kikoi changu kimeisha, ameanza kuchana nguo yake.

Nikakaa sakafuni pale na chupa mapajani, baridi inanipenya kwenye ovaroli, mpaka Neema akaja akaniambia vimeshuka, fundi, vimerudi vyote. Alikuwa anafuta macho, akasingizia vumbi la paneli.

Kwenye ripoti aliandika kwamba kitu cha baridi kiliwekwa karibu na terminal. Hakuandika cha nani. Kimlango kikawekewa kufuli, kituo kikanunua friji ndogo ya watu wa shift, na Mzee Mbwana akakabidhiwa ufunguo wa friji kwa heshima zote.

Siku hiyo mimi ndiye niliyefungua ile chupa. Kikombe cha kwanza nilikinywa mimi, vilivyofuata nikawapa wenzangu, wakaniombea dua ile ile, na safari hii nilijua ninaitikia nini.

Sasa somo.

Kwa mafundi wenzangu: kabla hujafunga kitu kwenye nafasi iliyo wazi, uliza ilikuwa inatumika kwa kazi gani. Usiulize mainjinia peke yao. Uliza na mlinzi, uliza na mfagiaji. Nafasi haiwi wazi bure, na ukiona kokwa za tende usisingizie panya.

Kwa wenye ndoa za begi kama mimi: ukimya wa mwenzako unaweza kuwa siyo ukimya. Huenda amejibu kwa namna ambayo haikufiki ulipokaa. Nenda mwenyewe.

Halafu kwa mdau mmoja niliyemsimulia hii kabla, akaniuliza kwa nini Zuhura hakupokea simu tu tukayamaliza. Mkuu, nami nilimuuliza. Akasema kwenye simu mimi huwa naongea kama natoa ripoti ya kazi.

Kikao hakikuitishwa. Idi tulikula Kivinje na Salma. Nyumba ya Mbagala nimeirudisha kwa mwenyewe, kwetu sasa ni Kivinje, na safari nimezipunguza. Kuziacha kabisa sijaweza, na sitawadanganya kwamba nimeweza.

Hata huu uzi nauandikia site, bara, mbali sana na pwani. Ni alasiri. Nimefunga kadi kama zile zile, mashine imewashwa tangu asubuhi, vipimo vyote vimekaa mstari mmoja. Mteja amefurahi. Keshokutwa napanda basi.

Saa kumi na moja imefika sasa hivi. Nimeacha kuandika kidogo nikaitazama skrini.

Imenyooka.

Karibuni kwa maoni, na kama kuna mtu amewahi kujibiwa bila kujua kwamba amejibiwa, aseme hapa. Nasoma zote. Huku jioni ni ndefu.